Mashine Isiyofika Kwenye Malori

Ilitangazwa, mbele ya umati uliosimama juani kwa utulivu mkubwa, kwamba kuanzia siku ile wilaya ya Ngara haina mkimbizi hata mmoja. Tangazo lilitolewa na mgeni rasmi, likatafsiriwa kwa Kirundi kwa faida ya wakimbizi wenyewe, waliokuwa wamepangwa mstari nyuma yake wakisubiri amalize ndipo wapande malori. Ilitangazwa pia kwamba vifaa vya mashirika vitakabidhiwa kwa kata mbalimbali vikiwa vizima na vinafanya kazi.

Kata ya Bukiriro ilipata meza mbili, kabati lisilo na ufunguo, jenereta, televisheni na mashine ya kurekodi video. Haikuwa mashine ya kanda. Ilikuwa boksi jeusi, bapa, lenye diski yake humo humo ndani, la kisasa kabisa miaka kadhaa kabla shirika halijalichoka. Rimoti haikuja nalo. Iliondoka na mzungu mmoja, bila shaka kwa bahati mbaya, na huenda mpaka leo anashangaa kwa nini haiwashi televisheni ya kwao. Bila rimoti, mashine ilikubali mambo mawili tu: kuanza mwanzo na kusimama. Kuruka mbele haikujua.

Ndani ya diski kulikuwa na rekodi moja, ya sherehe ile ile ya kufunga kambi. Kwanza hotuba, kisha malori.

Fundi wa mashine hiyo aliitwa Bizimana. Alizaliwa upande wa pili wa mpaka, Muyinga, akaingia Ngara akiwa mtoto, amebebeshwa sufuria yenye maharage ambayo hayakuwahi kuiva. Alikulia kambini. Kazi alijifunza katika soko la kambi, kwa kufungua redio za watu na kuzifunga tena, na kwa miaka ya kwanza baadhi zilibakiza skrubu. Alipokua alimwoa Kezia, binti wa Mzee Jovitus wa Bukiriro. Hapakuwa na mkalimani, kwa sababu Kirundi na Kihangaza, lugha ya Ngara, vinaelewana kuliko serikali zake. Palikuwa na mbuzi, na pombe ya ndizi iliyonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na Mzee Jovitus alisema kijana ni mpole, shida yake ni anwani tu.

Siku ya kufunga kambi, Bizimana alipanda lori kama alivyoagizwa. Alifika Muyinga, akamkuta baba yake mdogo analima shamba lao, wakasalimiana vizuri, akala, akalala. Asubuhi akamwachia baba mdogo shamba, akarudi Bukiriro kwa miguu, maana Kezia alikuwa na mimba na hakuna tangazo lililokuwa limemtaja Kezia.

Kijiji kilimpokea kwa kutosema kitu. Idefonsi, jirani ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani, alimkuta anapalilia migomba, akamwambia, "Shemeji, ulisafiri?" Bizimana akajibu, "Kidogo." Habari ikaishia hapo. Lakini sheria ilikuwa na maneno zaidi: aliyerudishwa kwao akarudi kinyemela alikamatwa na kupakiwa tena, na mkewe akabaki kuuliza kituoni ni gari gani limemchukua.

Hayo mtendaji wa kata hakuyajua. Bwana Bonaventura alihamishwa kutoka Biharamulo baada ya kambi kufungwa, na alichokijua ni kwamba kata yake ina mashine yenye hotuba, na kwamba mashine haimalizi hotuba. Aliuliza fundi yuko wapi, akaelekezwa kwa Bizimana.

Bizimana aliitazama mashine, na ugonjwa akauona kabla hajatoa bisibisi. Juu ya boksi palikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni, kazi ya Bonifasia, mke wa mtendaji. Pale Bukiriro, kama pengine pote, kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa, na mashine ya serikali isingeweza kukaa kama mtoto asiye na mama. Kitambaa kilikuwa kimeziba vitundu vyote vya hewa. Mashine ilianza vizuri, ikapata joto kadiri hotuba ilivyoendelea, na hotuba ilikuwa ndefu. Mgeni rasmi alipofika kwenye maneno ya kuwatakia wakimbizi safari njema, picha ikaganda, mdomo wake wazi.

"Imekuwaje?" Bonaventura aliuliza.

Bizimana alikumbuka kinachofuata hotuba. Mpiga picha alipita lori kwa lori siku ile, kwa subira ya kukera, na Bizimana mwenyewe alikuwa ameinua mkono kumpungia.

"Umeme wa jenereta ni mdogo, Bwana Mtendaji," alisema. "Na diski ina uchovu."

"Na hiki kitambaa?"

"Hicho msikitoe. Hicho ndicho kinachozuia vumbi."

Bonifasia, aliyekuwa mlangoni, alifurahi sana. Alisema hatimaye amepatikana fundi mwenye akili.

Tangu hapo Bizimana alikuwa akiitibu mashine ile kila ilipoitwa mgonjwa. Alibadili plagi, akafuta nyaya kwa pamba, akaisogeza karibu na dirisha na kuirudisha. Mashine haikupona wala haikufa. Kezia alimwuliza, mtoto wao Ishimwe akiwa mgongoni, "Baba Ishimwe, kwa nini usiiue tu tukalala usingizi?"

"Nikiiua wataleta fundi kutoka mjini."

"Atafanya nini huyo?"

"Atatoa kitambaa."

Kezia alifikiri. "Basi iendelee kuugua," alisema.

Haikuwa dawa ya uhakika. Siku za joto mashine iliganda mapema, mgeni rasmi angali kwenye salamu. Lakini asubuhi moja ya kipupwe ilijikaza, ikamaliza hotuba nzima, ikaonyesha boneti ya lori la kwanza na goti la dereva. Bizimana alikohoa mpaka akajikwaa kwenye waya wa umeme, ukachomoka. Wasikilizaji waliokuwamo ofisini walikuwa na maoni yao. Bonaventura aliamini mashine ina namba ya siri. Idefonsi alisema hata chuma kina kiwango chake cha kuvumilia hotuba. Aliambiwa atoke nje, akatoka akiwa anacheka.

Kisha ikaja barua kwamba mgeni rasmi yule yule atapita Bukiriro akielekea Rusumo, na angependa kuona jinsi vifaa vinavyotunzwa.

Kata ilifagiliwa. Bonifasia, ambaye hakutaka kuaibika, alikifua kitambaa na kukitia wanga. Mvua ikanyesha. Siku ya ugeni kitambaa kilikuwa kambani, kinachuruzika.

Bizimana alifika akiwa amevaa koti la Mzee Jovitus, lililomfikia magotini. Ndani yake palikuwa na shati lake pekee lenye kola, la manjano, ambalo mfuko wake Kezia aliushona kwa kitambaa cha bluu baada ya ule wa kwanza kuungua kwa lehemu. Aliikuta mashine uchi juu ya meza. Hotuba ilikuwa imeshaanza.

"Mama, kitambaa kiko wapi?" alimnong'oneza Bonifasia.

"Hakijakauka, baba. Leo ivumilie vumbi."

Alivua koti, akaifunika mashine. Bonaventura, aliyeketi kando ya mgeni, aliinuka haraka.

"Wewe! Koti juu ya mali ya serikali, mbele ya Mheshimiwa?"

"Vumbi, Bwana Mtendaji."

"Vumbi gani, na mvua yote hii?" Akalinyanyua koti na kulitundika msumarini, mbali, nyuma ya kiti cha mgeni.

Bizimana akabaki amesimama kando ya mashine katika shati la manjano. Kutoka hakuweza. Mlango ulikuwa umejaa watu waliokuja kuona kama leo mashine itavuka.

Ikavuka. Mheshimiwa wa kwenye televisheni aliwatakia wakimbizi safari njema, akafunga mdomo, jambo ambalo Bukiriro haikuwa na mazoea nalo. Mheshimiwa wa kwenye kiti alitikisa kichwa akikubaliana naye. Kisha likaja lori la kwanza, zima, na dereva wake pamoja na magoti yote mawili. Likaja la pili. Watu walianza kutazama sakafu. La tatu lilikuwa na kijana aliyekumbatia redio, katika shati la manjano lenye mfuko wa bluu. Alipanda, akageuka, akaipungia kamera kwa furaha ya mtu asiyejua picha ile itakuja kuonyeshwa wapi.

Ishimwe, mlangoni, alisema "Baba!" kwa sauti kubwa. Kezia akamziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshafika ndani.

Idefonsi akaanza kupiga makofi. Hakuna aliyejua anapigia nini, ila wote wakamfuata, kwa nguvu, wakapiga mpaka malori yakaisha na kioo kikawa cheusi.

"Wananchi wa hapa wana moyo," alisema mgeni rasmi. Alikuwa ameguswa. "Na fundi huyu je, Mtendaji, mmempata wapi?"

Bonaventura alikitazama kioo cheusi, kisha mfuko wa bluu, kisha kioo tena. Katika meza yake palikuwa na taarifa aliyoiandika mwenyewe, na sahihi yake chini, inayosema kwamba katani kwake hakuna mkimbizi. Watu wa mlangoni walimtazama. Mtu pekee aliyefumba macho alikuwa Kezia.

"Huyu ni kijana wetu," alisema Bonaventura. "Wa hapa hapa, Mheshimiwa. Ana mji wake pale bondeni."

"Hongera sana, kijana," alisema mgeni rasmi, akampa mkono. "Na shati zuri."

"Asante, Mheshimiwa."

Msafara uliondoka kuelekea Rusumo. Katika maneno ya kuaga mgeni rasmi alirudia, kwa kuridhika, kwamba wilaya haina mkimbizi hata mmoja na kwamba vifaa ni vizima.

Alasiri jua lilitoka. Bonifasia alileta kitambaa kikiwa kimekauka, mumewe akakipokea mlangoni na kukitandika mwenyewe juu ya mashine, akikivuta pande zote mpaka kikagusa meza. Halafu akamwuliza mkewe kama anaweza kufuma kingine, cha uzi mzito zaidi.