Siku Mwatum Alipobaki Ufukweni

Kisiwa Panza hakuna asiyemjua Mwatum Haidar, mwenyekiti wa kamati ya mwamba. Ni mwanamke wa miaka arubaini na saba, mrefu, mwenye sauti ya chini, na mkutanoni huwaacha wenziwe waseme mpaka wachoke ndipo naye afungue mdomo. Skuli aliishia darasa la saba. Kuchokoa pweza kwa mti kwenye mashimo ya mwamba alifunzwa na mamake, Bi Mardhiya, tangu maji ya kupwa yalipokuwa yakimfika magotini.

Pweza walipozidi kuwa wadogo mwaka hata mwaka, watu wa kisiwa walikubaliana kufunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi mitatu, pweza wapate kukua. Wakaweka kanuni: atakayevua mle kabla ya muda, siku ya kufungua atabaki nchi kavu. Siku hiyo ndiyo yenye pweza wengi kuliko zote, na kila mtu aliijua adhabu hiyo ina uzito gani. Ilipofika kutafuta wa kuisimamia kanuni, yalitajwa majina ya wanaume watatu. Bi Time, mkubwa wa wachokoaji wote, akasema, "Mpeni Mwatum. Huyu akikwambia atakuja saa mbili, saa mbili yuko." Hakuna aliyebisha.

Mwezi wa kwanza tu alikamatwa mvuvi mmoja, Silima, ana pweza wawili kwenye kapu. Alijitetea kuwa amepata wageni kutoka Wete na ndani hana kitoweo. Mwatum alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nimekusikia, kaka Silima, na wageni wana haki yao. Lakini kanuni hii tuliinyooshea mikono sote, na mkono wako niliuona."

Jina lake likaandikwa. Silima aliondoka kanuna, na kwa siku kadhaa akipishana na Mwatum njiani salamu aliijibu nusunusu.

Mwezi wa pili Bi Mardhiya akashikwa na homa. Wiki nzima hakula ila uji wa kulazimishwa. Mwatum akenda kumtazama kila baada ya sala ya alasiri, na siku moja akamkuta ameketi kitandani, sahani ya wali mapajani, anakula kwa hamu.

"Njoo ule, mwanangu," mama akasema. "Leo mdomo umerudi."

Mwatum alifurahi hata hakuuliza kitu. Akanawa, akakaa, akala mchuzi wa pweza wa nazi. Kipande cha kwanza, cha pili. Alipotia cha tatu mdomoni akakumbuka kuwa bahari ya nje imechafuka tangu Ijumaa na hakuna aliyetoka; pweza wa kupatikana kwa hali ile ni wa sehemu iliyofungwa tu. Alikitafuna polepole, akakimeza, kisha akauliza, "Mama, pweza huyu kaletwa na nani?"

"Jaribu."

Jaribu, mdogo wake, alikuwa uani akishona wavu. Alipomwona dada yake mlangoni hakungoja kuulizwa.

"Mama alimtamani, dada. Mmoja tu. Wala hakuna aliyeniona."

"Mie nimekuona sasa."

"Kwa hiyo utanitaja? Mimi, nduguyo?"

Mwatum akavaa viatu, akatoka. Kurudi kwake alipita njia ya mbali. Mama amekula baada ya siku saba, na hilo lilimpoza moyo. Lakini kila alipofikiri kunyamaza aliiona sura ya Silima.

Asubuhi aliiita kamati barazani pa skuli, akaomba na Silima aitwe. Akaeleza yote bila ya kupunguza. Katibu, Abdulnasir, akaweka kalamu chini.

"Mwenyekiti, mgonjwa ni udhuru. Tena hakuna aliyeona. Tuliache hili hapahapa."

Wengine wakaitikia kwa vichwa.

"Udhuru wa Silima tuliukataa," Mwatum akasema. "Wetu una nini cha zaidi? Andika jina la Jaribu. Ukimaliza, andika na langu."

"Lako? Wewe ulikula hujui."

"Viwili nilikula sijui. Cha tatu nilishashuku, na nilikimeza."

Abdulnasir akachukua kalamu, akaandika majina mawili, taratibu. Silima, aliyekaa nyuma, aliinamisha macho.

Jaribu hakusema na dada yake siku kumi na tisa.

Mwamba ulifunguliwa wakati wa bamvua, maji yalipotoka mbali kabisa. Mwatum ndiye aliyetoa ruhusa. Watu wakamiminika kwa shangwe, naye akabaki amesimama pale pale, nyayo zikimwasha kwa hamu ya kuwafuata. Angeweza kwenda kujifungia nyumbani, lakini alikaa kitako ufukweni, mbele ya macho ya wote. Baadaye Jaribu akaja, akakaa upande wake. Silima, aliyekuwa amejitenga mbali, mwisho naye akasogea.

"Nilidhani leo nitakaa hapa peke yangu," akasema.

"Tuko watatu," Mwatum akamjibu. "Karibu."

Jaribu alicheka kwanza, kisha wote. Watu waliporudi na makapu mazito, Bi Time akibeba pweza mkubwa kuliko waliowahi kuwaona kwa miaka, watatu wale ndio waliowapokea na kuwasaidia kuwapiga pweza walainike.

Kabla ya kuondoka, Silima aliuliza, "Doria ya kuulinda mwamba upande wa kusini, msimu ujao, mna mtu?"

"Hatuna."

"Niandikeni mie."

Mwamba ulipofungwa mara ya pili, muda ulimalizika bila ya jina jipya katika daftari la wakosaji. Kamati ikamwomba Mwatum aendelee, naye akakubali kwa sharti moja: Shamima, mdogo kuliko wote katika kamati, akae naye kila mkutano na aendeshe mmoja kati ya kila miwili. Shamima alisema anaogopa watu hawatamsikiliza.

"Anza wewe kuwasikiliza," Mwatum akamwambia, akamsukumia daftari.