Haradali ya Maotea

Nachattar Singh alikuwa mkulima hodari, na mtu hodari akikosea hukosea kwa akili. Mwaka ule haradali yake ilikauka shambani yeye yuko kwenye harusi ya mpwa wake, kanogewa na ngoma na mapochopocho. Aliporudi, maganda yalishapasuka na nusu ya mbegu imemwagika chini. Akavuna kilichobaki, asimwambie mtu.

Muda si mrefu, mdogo wake wa kiume akafariki, ikabidi ardhi ya baba yao igawanywe. Nachattar akampa Jasvir, mjane wa marehemu, shamba lile lile, kwa kuwa liko karibu na mfereji. Kijiji kikamsifu: kaka ndiye huyu! Naye alijua fika anachompa. Jasvir na wanawe wawili walitegemea ngano ya shamba hilo mwaka mzima, hawakuwa na jingine.

Ngano ilipochipua, haradali ya maotea, ile inayojiotea yenyewe kwa mbegu zilizomwagika, nayo ikachipua, ikaipita kimo. Huko Punjab hakuna anayeiita gugu. Ni mboga ya bure, na mwanamke akiing'oa ataambiwa anaikimbiza riziki. Basi Jasvir akawa anachuma majani na kuacha mashina, nayo yakazidi kutoa matawi.

Kila siku mama yake Nachattar, aliyekaa na Jasvir, alimletea bakuli la mboga hiyo, na chapati ya mahindi yenye siagi.

"Kula, mwanangu. Kakupikia Jasvir. Anasema shamba ulilompa lina baraka, linatoa chakula na kitoweo."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, upepo? Dume zima unadeka kama bibi harusi! Kula!"

Akala. Angesema mapema, haradali ingeng'olewa ikiwa changa na ngano ingepona. Lakini kusema ni kujivua nguo mbele ya watu waliomsifu. Nitasema kesho, alijiambia, na kesho ikazaa kesho.

Shamba lote likageuka njano. Wapita njia walilisifia uzuri. Nachattar akainama, akaitazama ngano chini ya maua: nyembamba, imepauka, masuke hayana kitu. Akaona haya hata kusimama pale. Akaenda moja kwa moja uani kwa Jasvir, akamkuta na mama wakichambua majani.

"Ile haradali imeimaliza ngano," akasema. "Mbegu zilimwagika kwa uzembe wangu. Na nilipokupa shamba nilijua."

Tangu aolewe, Jasvir hakuwahi kumwonyesha uso kaka wa mumewe, wala kumsemesha ila kwa kupitia kwa mama. Ndivyo heshima ilivyotaka. Sasa akaupandisha mtandio, akamkazia macho.

"Kaka, wanangu watakula nini?"

"Watakula kwangu."

"Ili kijiji kikusifu tena?"

Nachattar alimgeukia mama yake amtetee. Mama alikuwa ameinamia majani, analia, na hakumtazama.