Damu ya Baba Anayelea

Mwanangu, mwaka ninaoukumbuka ni ule tuliokula ugali wa semolina, unga wa sembe ulipotoweka Ilford nzima, huku London, na aliyepata pakiti moja akaificha chini ya kitanda. Watu walifungiwa majumbani kwa ajili ya korona. Mimi nilifungiwa ghorofani na mwanangu wa kumzaa, Juma, mkewe Zawadi, na mjukuu wangu Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Mtoto mzuri kupita wote wa mtaa ule, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu.

Zawadi ni nesi, kwa hiyo yeye alitoka kwenda kazini. Juma alikuwa mpishi wa hoteli, na hoteli ilifungwa. Mwanaume mzima ndani ya vyumba viwili ni jogoo ndani ya tenga. Aligombana na jirani kwa ajili ya muziki, akagombana na redio. Jioni anakaa na simu, yeye na wenzake wanatambiana nani angempiga nani. Siku moja akaupiga ngumi mlango wa choo, ukapasuka. Zawadi hakupiga kelele. Kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya nyanya, alisema akirudi akakuta mlango wa pili umepasuka, anamchukua Neema na hawataonekana tena.

Juma akaniambia, "Mama, si mimi. Ni homoni. Wanaume ndivyo tulivyoumbwa."

Neno hilo nilikuwa silijui. Darasa la nne sikumaliza. Lakini nilijua anachotafuta: kitu cha kusingizia ambacho hakiwezi kumjibu.

Kesho yake Zawadi akatoka, mtoto akaanza kulia. Juma akamnyanyua kwa ncha za vidole kama sufuria ya moto, akaninyooshea. Nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua mkono.

"Simpokei. Mikono unayo."

Alidhani natania. Akasema wenzake wakimwona watamwita yaya. Nikamwambia yaya analipwa, yeye hata hilo hana. Akazunguka sebule akinung'unika, mama gani huyu. Nami nikabaki pale pale karibu, maana mtu mwenye hasira humwachii mtoto ukaenda zako kulala. Neema akalia mpaka akachoka, akalaza shavu kifuani mwa babake. Juma akanyamaza asimwamshe. Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia friji letu likinguruma.

Nikakataa tena kesho yake, na siku zilizofuata. Akajifunza kumwogesha, kumlisha uji, kumfunga mgongoni kwa kanga yangu. Wenzake wakamwona kwenye simu, mmoja akamwita mama Neema. Nikautazama mlango wa jikoni, nikingoja ngumi. Juma akacheka, akamwambia apunguze sauti, mtoto amelala.

Zawadi ndiye aliyenifafanulia baadaye. Homoni ya kiume ipo kweli, inatembea ndani ya damu. Lakini wataalamu wameona kwamba kwa wanaume wengi wanaolea kwa mikono yao hushuka, na wakishindana na wenzao huweza kupanda. Nikamuuliza, basi damu ndiyo inayomwongoza mtu, au mtu ndiye anayeiongoza damu? Akasema vyote viwili, kila kimoja kinakivuta kingine. Nikamkumbuka marehemu mume wangu. Yeye alimbeba Juma siku ya kupigwa picha tu, na ukali wake alikwenda nao kaburini.

Hasira ya Juma haikwisha, anayo hadi leo. Ila mlango wa pili haukupasuka, Zawadi yupo, na Neema anakwenda shule ameshikwa mkono na babake.

Basi mwanangu, usiniambie damu yako ni kali ukaishia hapo. Damu inasikia unachofanya kutwa nzima. Ukiilisha ugomvi, itazoea ugomvi. Usingoje upole uje ndipo umbebe mtoto. Mbebe na ukali wako huo huo, taratibu, upole utakukuta naye.

Mungu akupe kizazi chenye afya, na kifua ambacho mtoto atakilalia bila hofu. Ukijaliwa, niite. Nitakuja hata huko kwako Kenton kwa basi, nitampikia mzazi uji wa pilipili manga, nitafua nepi. Lakini mtoto akianza kulia, nawe ukaninyooshea, jibu langu unalijua.

"Simpokei. Mikono unayo."