Kuku wa Radhi Kutoka Hasamba

Kuku mweupe aliingia uani kwetu Chapwa wiki ileile tuliyoitwa kwenye rufani, na tangu hapo mimi sikulala tena. Mama anasema nililala, tena nilikoroma hadi madereva wa malori walidhani mpaka wa Zambia umefunguliwa. Tumwache mama na yake.

Aliyemleta ni shangazi wa shemeji yangu, mama mtu mzima wa Hasamba, mwenye sauti ya kuweza kuita ng'ombe wa kata tatu kwa mpigo. Alikaa kwenye mkeka, akasogeza kapu mbele ya mama. Ndani ya kapu kulikuwa na kuku aliyefungwa miguu, pamoja na kahawa kavu ya shambani kwake.

"Mkwe," akasema, "sisi tumekuja kama tulivyolelewa. Mdomo mtupu hauombi radhi."

Mama akapokea kwa mikono miwili. Angefanyaje? Mgeni hafukuzwi na kapu lake. Lakini mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni, sindano ya kushonea maturubai bado mkononi, nilimtazama yule kuku naye akanitazama kwa jicho moja, na nikajua huyu hakuja kutaga. Nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na katika somo la uraia nilikuwa naongoza darasa zima, hata wale waliokuja bila kusinzia. Hati ya usuluhishi nikiiona naijua, hata ikija na manyoya.

Mambo yalikuwa hivi. Shemeji alimvunja dada yangu mkono kwa mpini wa jembe, watoto wao wawili wakiwa wamesimama pale pale. Hapa siongezi kitu, ndivyo ilivyokuwa. Dada akaja kwetu na watoto, akaenda polisi, akaenda hospitali, kisha Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikamsikiliza yeye, ikamsikiliza daktari, ikamsikiliza mpangaji wa nyumba yao aliyemtoa dada uani. Shemeji akatiwa hatiani na kupewa kifungo. Akakata rufani Mahakama ya Wilaya, akapata dhamana, na mji ukamwona tena anatembea na viatu vyake vilivyochongoka, anawanunulia watu soda kwenye foleni ya malori kana kwamba amerudi kutoka Makka.

Akishinda rufani, dada angekuwa mwanamke aliyemsingizia mumewe. Na wakwe walishasema kwenye msiba mmoja, mbele ya watu wenye masikio, kwamba siku hiyo hiyo watakuja kuchukua watoto wa ukoo wao. Kwa hiyo katika rufani ile shemeji alikuwa anapigania kutokurudi jela, lakini dada alikuwa anapigania watoto.

Na kuku? Kwao na kwetu mambo hayatofautiani. Mume akikosa, upande wake unaleta kuku wa radhi, hai. Mkimchinja mkamla, jambo limekwisha, na atakayelifufua ataonekana mchokozi. Mkimrudisha mzima, jambo bado bichi. Yule shangazi alijua. Mama alijua. Mtaa mzima wa Chapwa ulijua, na ndiyo maana jirani yetu, muuza vitenge anayeshinda upande wa Zambia nusu ya maisha yake, hakuuliza tena habari za mkono wa dada.

"Mulishani, fundi," alinisalimu kwa lugha ya ng'ambo. "Yule kuku hajambo?"

"Hajambo."

"Bado yupo?"

"Unataka kumnunua?"

"Aa, nauliza tu. Mweupe vile, ananona."

Nani anauliza hali ya kuku wa mwenzake siku tatu mfululizo? Nikamweka kwenye orodha ya watu wa kuangaliwa. Orodha yenyewe nilikuwa naiweka kichwani, na ilikuwa imeshakuwa ndefu kama foleni ya malori, ile ambayo dereva wa mwisho akifika mbele anakuta mwanawe ameoa.

Nilitaka kuku arudishwe Hasamba kesho yake asubuhi. Nilishatafuta hata pikipiki. Dada ndiye aliyekataa.

"Mwache akae, kaka."

"Akae afanye nini?"

"Kuku anafanyaga nini? Mwache."

Alikuwa anamwagia pumba kwa mkono wake mzima, taratibu, kama mtu anayemlisha mgeni. Nikawaza: huyu anataka kurudi. Wapo wanawake wanaorudi, na dada yangu ana huruma. Akiwa mdogo alimlilia panya aliyenaswa kwenye mtego wa mahindi yetu wenyewe.

Basi nikaweka sheria. Kuku asiguswe na kisu. Nikamfunga mguu kwa kamba yangu ya turubai, ile ya nailoni inayoshika turubai la trela lisipepee, nikamwekea makazi stoo. Alipoanza kutaga, mama akataka kuwakaangia watoto mayai.

"Mama, hapana. Yai la kuku wa radhi ni radhi changa."

"Wewe mtoto, hii elimu ya jioni ilikuingia kupitia wapi?"

"Watasema mmeanza na mayai."

"Watajuaje? Yai lina alama?"

"Watoto watasema shuleni. Mwalimu atasikia. Mwalimu ameolewa wapi? Hasamba."

Mama akaangalia juu ya paa kama anamwonyesha Mungu mzigo aliompa. Mayai hayakuliwa.

Wakati huo dada akaanza simu. Inaita, anatoka nje, anasimama nyuma ya choo, anaongea kwa sauti ya chini. Nikipita na ndoo ambayo haina maji anakata. Ijumaa moja akasema anakwenda sokoni, nami nikakumbuka ghafla kwamba nina turubai la kuangalia upande huo huo. Nilimfuata nikijificha nyuma ya malori, na kwa umbo langu nilihitaji lori zima. Nikamwona amesimama na mwanamke wa makamo mwenye mkoba mweusi, nisiyemjua. Wanaongea, dada anatikisa kichwa, yule mwanamke anahesabu kitu kwenye vidole. Nilipotoka pale shati lilikuwa na grisi ya kutosha kulainisha magurudumu mpaka Lusaka.

"Sokoni kulikuwaje?" nikamuuliza jioni.

"Kuzuri. Na wewe, lori lilikuwaje?"

Yeye akaendelea kupepeta mchele, mkono ule uliovunjika ukienda taratibu kuliko mwenzake. Baadaye akasema bila kuinua uso, "Kaka, unanilinda mimi au unamlinda kuku?"

Nikatoka kwenda kumwangalia kuku.

Ndipo nilipogundua. Kuku alikuwa amejaa kwenye kona ya stoo, amejivimbisha, hataki kusogea, ananidonoa. Mayai niliyoyakataza yasiliwe yote yalikuwa chini yake. Ameatamia. Jogoo wa muuza vitenge alikuwa ameshatimiza wajibu wake zamani, na mimi, mlinzi mkuu, sikuwahi kufikiri upande huo.

Nilitaka kuyatoa. Mama akasimama mlangoni, akasema safari hii nikigusa yai atanipiga mimi, nami nikate rufani.

Vifaranga vilitoka kama vinane hivi, vya njano, na vilikuwa bado laini shangazi wa Hasamba alipokuja tena "kusalimia". Alivisikia kabla hajavua viatu. Akaenda moja kwa moja hadi stoo, akachungulia, akapiga kigelegele kilichonitoa jasho.

"Ametotoa kwenu," akasema. "Mkwe, ametotoa kwenu. Sasa huyu si mgeni tena."

Nikakaa chini kwenye turubai lililoviringishwa. Kula kuku ni radhi. Lakini kuku wa radhi aliyezaa kwenu, wazee wangesema mmempokea mara mbili. Na aliyesababisha ni mimi na sheria zangu za mayai. Nilimtazama dada. Hakuwa ameshtuka. Alikuwa anamkaribisha shangazi chai, tena anamuuliza kwa upole, "Shangazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekutuma siku ile, au ulikuja kwa mapenzi yako?"

"Alinituma, mwanangu. Alikuja mpaka Hasamba akanipigia magoti. Mimi siendi kuomba radhi ya mtu asiyenituma. Hiyo si mila."

Dada akasema asante, akamwongezea sukari. Nami nikamweka dada juu kabisa ya orodha yangu.

Siku ya rufani tulikwenda wote. Shemeji alikuja na suti, amenyoa, anasalimia watu kwa majina. Shangazi alikaa benchi la nyuma yetu na kanga mpya. Hakimu, mwanaume mwembamba mwenye miwani, alisema atasikiliza upande wa mrufani kwanza, yaani shemeji, kisha mjibu rufani, yaani dada.

Shemeji hakuwa na wakili. Anapenda kusikia sauti yake mwenyewe. Alieleza vizuri, lazima niseme. Sababu yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakumpiga mkewe kabisa. Mkewe aliteleza bafuni, sabuni ilikuwa chini, na mpangaji aliyesema vingine ana chuki naye. Akapita kwenye sababu nyingine za ushahidi kutotosha. Halafu akatabasamu, akageuka kidogo ili benchi zimwone.

"Na mwisho, Mheshimiwa, familia zimeshapatana kimila. Shangazi yangu alipeleka kuku. Walimpokea, hawakumrudisha, na mpaka leo yupo kwao na vifaranga. Sisi wote ni watu wa huku. Mheshimiwa anajua maana yake."

Watu wakanong'ona. Muuza vitenge alikuwepo pia, nikamwona anaitikia kwa kichwa, nikasema moyoni: nilijua.

"Mjibu rufani," akasema hakimu. "Una la kujibu?"

Dada akasimama. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Mheshimiwa, kuku ni kweli alikuja, na yupo. Mimi nina swali moja. Kama niliteleza bafuni mwenyewe, alinitumia kuku wa radhi kwa kosa gani?"

Hakimu akaacha kuandika.

"Mrufani?"

Shemeji akavuta koti. "Mheshimiwa, ile ilikuwa... ni kuku wa pole. Mtu akiumia unampa pole."

Na hapo, nyuma yangu, nikasikia benchi limelia. Shangazi amesimama.

"Pole?" akasema. "Mimi nilipeleka radhi. Pole haiendi na kahawa. Uliniambia kaombe radhi, nikaomba radhi, tena nikafunga kuku kama anavyofungwa. Usinifanye mtu asiyejua mila mbele ya wakwe."

"Mama, kaa chini," akasema hakimu. "Hujaapishwa."

"Nakaa, baba. Lakini pole hapana."

Akakaa, bado ananung'unika, akirekebisha kanga. Hakuwa anamwangusha mtoto wa kaka yake. Alikuwa anatetea jina lake, kwamba yeye wa Hasamba hawezi kukosea kapu. Shemeji alimtazama, kisha akakaa kabla hajaambiwa.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Hakimu alisema maneno ya shangazi hakuyatumia, maana hayakutolewa kwa kiapo. Alisema daktari na mpangaji walitosha pale Mahakama ya Mwanzo, na hakuona sababu ya kutowaamini. Kuhusu kuku, alisema mtu hawezi kukana kosa mlango mmoja na kuombea radhi kosa hilo hilo mlango wa pili, na kwamba mapatano ni ya waliopatana. Mjibu rufani hajasema popote kwamba amepatana. Rufani ikatupwa. Dhamana ikaisha pale pale. Watoto walikuwa shuleni, nikashukuru kwamba hawakumwona baba yao akishikwa mkono na askari.

Dada hakushangilia. Njiani alitangulia mbele mpaka karibu na nyumbani.

"Ulijua shangazi atasimama?" nikamuuliza.

"Sikujua. Nilijua tu hawezi kuidanganya mila yake."

"Na yule mwanamke wa mkoba mweusi?"

"Wa ustawi wa jamii. Ndiye aliyekuwa ananipigia. Alinifundisha kwamba nitapewa nafasi ya kusema, nichague neno moja nisiongeze."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Kaka, siri ikiingia kwako inatoka imenenepa."

Jumapili baada ya ibada tulikwenda Hasamba, mimi na yeye. Dada alimbeba kuku kwenye kapu lile lile. Shangazi alitupokea uani, akaona kilichomo, akalishusha kapu chini. Kurudisha kuku mzima ni neno zito, na alilisikia.

"Na vifaranga?" akauliza mwishowe.

"Vifaranga vimezaliwa kwetu, shangazi."

Yule mama akamtazama usoni, kisha akautazama mkono, pale ulipopinda kidogo juu ya kiganja. Nilijiandaa kwa kila kitu: matusi, laana, hata ukoo mzima kutokea nyuma ya mibuni wakiwa na mapanga.

Akainama, akafungua mguu wa kuku, akanikabidhi kamba yangu ya turubai.

"Hii ni yenu," akasema. "Watoto wasalimieni hukohuko kwenu."

Niliipokea. Nikaikagua pande zote mbili, nikaivuta kuona kama imekatwa mahali. Ilikuwa nzima.