Boliti Mbili za Gaspari

Gaspari, dereva wa Landrova ya ushirika wa korosho, hakuwa na mzaha na moto. Mtungi wa kuzimia moto aliuweka mbele ya kiti cha abiria, ndani ya kibano cha chuma kilichokazwa kwa boliti mbili hadi chini ya sakafu, akauzungushia mpira wa baiskeli usigongegonge. Siku za ukaguzi wa magari madereva waliazimana mitungi, tabia ya kipumbavu kabisa. Gaspari aliwanyima wote, isipokuwa Ismaili. Walitoka jando moja, angemnyimaje?

Ismaili aliurudisha mwenyewe, akaubana mwenyewe.

"Usihangaike kuukagua, ndugu yangu. Uko vilevile."

Mwezi uliofuata walikuwa pamoja njia ya Msimbati, moto ukalipuka chini ya boneti. Gaspari aliuchomoa mtungi, akalenga, akabonyeza. Haukutoa hata pumzi. Ulikuwa mtupu. Akageuka kumwita Ismaili aje wamwage mchanga.

Ismaili alikuwa keshafika kwenye mikorosho. Alianza kukimbia pale Gaspari alipoushika mtungi, kabla hajaubonyeza.