Blanketi kwenye Bomba la Boila

Hebu fikirini flati moja mtaani Kilburn, ughaibuni, katikati ya baridi: mtoto mchanga, boila ya gesi ya kupashia maji imezimika, na bibi aliyetoka Mombasa kumkanda mzazi hana maji ya moto. Nilikuwa nimekwenda kumwona mtoto.

Fundi aliyeitwa akafika, akasikiliza boila. "Feni yake inazunguka. Moshi ndio hautoki."

Akatoka nje kwenye roshani, akarudi na blanketi bichi la mtoto.

"Nani ameanika hili kwenye bomba la boila huko nje?"

"Mimi, mwanangu. Hewa ya moto inapotea bure."

"Bibi, huo ni moshi wa gesi. Boila isingejizima, ungewarudia humu ndani, mkafa usingizini."

Bibi akalinusa blanketi. "Basi nitalifua tena."

Msimcheke, alikuwa akimtafutia mjukuu nguo kavu. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja: bomba la boila lisizibwe, hata kwa mapenzi.