Merikebu ya Wanga

Wanga wa muhogo ukianza kuiva motoni hutoa harufu yake ya pekee, nusu ya chakula na nusu ya nguo, chachu kidogo na tamu kidogo. Jirani yangu hapa Mangobo huupika kila Jumapili mchana kwa ajili ya sare za shule za wanawe, na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba. Wengine wakiinusa harufu hiyo hukumbuka pasi na darasa. Mimi, niwaambie ninyi tu, hutabasamu vibaya. Namwona tonton Anselme amesimama mbele ya beseni, mdomo wazi, na moyo wangu, ambao padri ameuombea mara nyingi, unafurahi upya.

Papa alizaliwa Yanonge, lakini kazi yake ilikuwa hapa Kisangani, upande wa Lubunga, kwenye ukingo wa mto. Alijenga balenière, zile boti kubwa za mbao zinazobeba watu, mbuzi na mikungu ya ndizi za makemba hadi Isangi na mbele zaidi. Mikono yake ilinuka lami siku zote. Mama, ambaye alikuwa mtu wa Butembo na muuza maharagwe sokoni, alilalamika kwamba hata chai ya nyumba ile ilikuwa na ladha ya godron, kisha akainywa yote.

Mzungu mmoja mtaalamu wa mimea, ambaye papa alizoea kumpeleka Yangambi kwa boti, alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja alimwachia papa sanduku la karatasi ngumu. Juu yake palichorwa merikebu yenye kichwa cha joka na tanga la mistari myekundu. Ndani zilikuwamo mbao nyembamba kama maganda, mbavu, mlingoti, kitambaa na chupa ndogo ya gundi. Ilikuwa merikebu ya Waviking, mabaharia wa zamani wa nchi za baridi, na ilitakiwa kujengwa kipande kwa kipande mpaka ifikie urefu wa mkono wangu.

Papa aliitazama ile picha kwa muda mrefu sana.

"Noella, kuja uone," akaniita. "Hawa batu ba baridi banalaza mbao moja juu ya ingine, sawa magamba ya samaki. Siye tunaziunganisha ubavu kwa ubavu. Lakini mifupa iko sawa na yetu. Mifupa njo boti."

Tulifanya kazi hiyo jioni, kabla ya chakula, juu ya mkeka karibu na jiko. Yeye alipaka gundi, mimi nilibana kwa vidole na kuimba polepole mpaka aniruhusu kuachia. Nikiharakisha alinigusa kisogo. "Polepole, mama. Ukiidanganya mbao, itakusema mbele ya batu." Tulimaliza mkuku na mbavu zote. Chombo kikawa kama mifupa ya samaki kapitaine baada ya kuliwa vizuri, nasi tukakicheka. Wiki iliyofuata papa alishikwa na homa, na hakuinuka tena.

Tonton Anselme alikuwa kaka yake mkubwa, chef de bureau, mkuu wa kitengo katika ofisi moja ya mjini, mtu wa mashati meupe yaliyosimama wima hata yeye akikaa. Matanga hayajapoa, alikusanya watu wa ukoo na kusema kwamba vitu vya marehemu ni vya ukoo. Wakapakia redio, baiskeli, kitanda cha mama, viti, sufuria, vyombo vya kazi vya papa. Mama alikaa chini na kichwa chake kilichonyolewa. Mwisho tonton akanionyesha kidole.

"Na mutoto pia. Mutoto iko ya kwetu."

Ndivyo nilivyovushwa mto kwa pirogi, mzigo wa mwisho kabisa, sanduku la merikebu likiwa mapajani mwangu.

Nyumbani kwake Makiso nilifagia, nikaosha vyombo, nikachota maji. Alikuwako Trésor, mwanawe, wa umri wangu, ambaye hakuwahi kushika ufagio. Alikuwako pia mke wa tonton, tantine Véro. Katika nyumba ile ulisikia ndara zake zaidi ya sauti yake. Kazi yake kubwa, kwa macho yangu, ilikuwa kupika wanga na kuyakausha yale mashati. Jumapili baada ya misa mama alikuja kusimama kwenye portail, lango la ua. Aliniletea karanga au sabuni, akanishika mashavu, kisha akamwomba tonton anirudishe.

"Mutoto ya ndugu yangu haiko nguo ya kuazima," tonton alijibu. Na kila alipoombwa, Jumapili iliyofuata alitutenganisha mapema zaidi.

Ikakaribia première communion ya Trésor, komunyo yake ya kwanza kanisani. Tonton alimwalika directeur, mkubwa wake wa kazi, na alitaka cha kumwonyesha. Siku moja alilifungua sanduku langu bila kuniuliza, akainua ile mifupa ya merikebu juu juu kwenye mwanga.

"Weye ulianza hii na papa yako, si vile? Bon. Maliza. Siku ya fête tutasema Trésor njo aliitengeneza."

Nilijibu, "Ndiyo, tonton." Alikuwa amechukua vitu vya papa, akamchukua mtoto wa papa, na sasa alitaka kuchukua hata kazi ya vidole vyake na kuipa jina la mvulana anayekula mikate. Sikulia. Nilipata hasira ya namna nyingine, hasira tulivu, inayokaa chini na kufikiri.

Ile chupa ya gundi niliificha chini ya kuni. Kisha nikaenda uani, ambako tantine alikuwa ameacha beseni la wanga, nikachota kidogo kwa kopo. Ubao wa kwanza uliteleza na kuanguka. Wa pili vilevile. Wanga ule ulikuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Nililala nikiwa nimekata tamaa, lakini kesho yake kwenye dirisha la jiko nikakuta kikombe kimefunikwa kisahani, na ndani yake wanga mzito unaovutika kama ulimbo. Nikajua tantine amekisahau. Nilikichukua na kukirudisha kitupu. Kila nilipohitaji, kikombe kilikuwa palepale, kimesahauliwa tena. Nilimshukuru Mungu kwa kuniwekea tantine mwenye kichwa kibovu.

Mbao zikashika. Nilizilaza kama magamba, moja juu ya nyingine, kama papa alivyonionyesha kwenye picha, na lazima nikiri ilikuwa kazi nzuri. Tonton alipozungumzia kuipaka vernis ing'ae nikamwambia itaua rangi ya mbao. Akanisadiki kwa sababu vernis iligharimu. Trésor alikuja mara mojamoja kutazama, akidondosha makombo. "Ça va," alisema. "Iko bien." Kisha akafanya mazoezi ya kusimama kando ya merikebu na mkono kiunoni.

Siku ya fête, ile sherehe ya Trésor, waliweka bâche ya turubai uani na viti vya kukodi. Kulikuwa na lituma ya ndizi za kuponda, kuku, samaki wa liboke waliofungwa majanini na vinywaji baridi. Mama naye alikuja, maana mjane asipofika kwenye shughuli ya ukoo husemwa vibaya. Walimketisha nyuma kabisa, karibu na masufuria. Merikebu iliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Tonton akasimama.

"Monsieur le directeur, bandugu, muone kazi ya mutoto yangu. Alifanya yote mwenyewe. Hakuna mutu alimusaidia, hata moja!"

Watu wakapiga makofi. Directeur, mtu mnene aliyejipangusa uso kwa kitambaa kila wakati, akamshika Trésor bega. Nami nilikuwa nimesimama na rundo la sahani. Msifikiri nilikuwa na mpango kamili. Nilijua tu kwamba wanga haupendi maji, nikatumaini nitapata ujasiri wa kusema neno.

Ndipo sauti ikatoka upande wa jiko, sauti ambayo wageni wengi walikuwa hawajawahi kuisikia.

"Lakini boti iko kitu ya maji," alisema tantine Véro. "Mbona inakaa juu ya meza? Tuone kama inaelea."

"Voilà!" directeur akasema. "Kwa maji!"

Tantine akaleta beseni kubwa, tayari limejaa. Tonton mwenyewe aliiweka merikebu majini kwa mikono miwili, kama mtu anayebatiza. Ikaelea! Ilisimama vizuri, joka limeinua shingo, na watu wakashangilia. Tonton akaanza kueleza jinsi ukoo wetu ulivyokuwa wa watu wa mto tangu zamani. Alieleza sana. Nilimwombea aendelee.

Ubao wa juu ukafunguka polepole kama kope la mtu anayeamka. Kisha wa pili. Maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Mbao zikaachia upande mmoja, zikaachia upande wa pili, zikazunguka beseni kila mmoja na njia yake, tanga likalala ubavu. Ikabaki ile mifupa tu, mkuku na mbavu alizozigandisha papa, imeshikamana, haikulegea hata kiungo kimoja.

Aliyecheka kwanza ni directeur. "Chef, tulikula samaki, na sasa mutoto yako anatuletea mifupa!" Uani pote pakalipuka.

"Ulitia gundi gani?" tonton alimfokea Trésor.

"Mi sijue, papa! Si miye niliitengeneza. Njo Noella!"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja wa kike wa ukoo akauliza, taratibu kabisa, "Noella? Si ulituambia hakuna mutu alimusaidia?"

Tonton akachovya kidole ndani ya beseni, akakinusa. Nilimwona akiitambua harufu ya mashati yake mwenyewe. Kola yake wakati huo ilikuwa imelowa jasho na kulala shingoni kama kitambaa cha jikoni. Akanigeukia.

"Nyoka! Ninakulisha, ninakuvalisha, unanifanyia hii mbele ya directeur? Toka! Enda kwa mama yako! Sitaki kukuona tena kwa nyumba yangu!"

Mama alikuwa amesimama kabla hajamaliza. Alipita katikati ya viti vile vyote, akanipokonya sahani, akaziweka juu ya meza ya wakubwa. Nikatumbukiza mikono ndani ya beseni, nikaitoa mifupa ya papa, ikanichuruzikia gauni lote. Hakuna aliyetuzuia. Tonton angewezaje kuyarudisha maneno yake, na directeur ameyasikia?

Barabarani mama alisimamisha toleka, akanipandisha nyuma ya baiskeli. Tulipofika mbali kidogo alianza kucheka huku akitembea kando yangu, akacheka mpaka akashika kiti cha baiskeli asianguke, mara ya kwanza tangu mazishi. Mwendesha toleka akatuangalia kama wagonjwa.

Padri alishawahi kuniuliza kama nimejuta. Nilimjibu kwamba nimejaribu.

Tonton alikufa nikiwa nimeshaolewa. Mwaka jana nilimtembelea tantine Véro, amezeeka, miguu imevimba, lakini bado anajipikia. Katika kuzungumza nilimkumbusha vile vikombe vya wanga alivyokuwa akivisahau dirishani, nikamwambia kwamba kusahau kwake ndiko kuliniokoa.

Aliacha kumenya ndizi.

"Kusahau? Miye?" Akanitazama kama alivyokuwa akitazama shati lililopigwa pasi vibaya. "Wanga ile uliiba mara ya kwanza ilikuwa maji-maji, haingeshika hata karatasi. Nikaona, huyu mutoto anatafuta kitu, lakini hajue kupika. Donc nikakupikia. Na maji ya beseni nilitia ya moto kidogo. Ya baridi ingekawia, batu bangeenda kwabo."

Nikamwuliza kwa nini.

"Mama yako alikuwa anasimama kwa portail kila dimanche," alisema, "na miye nilikuwa nalala kwa kitanda yake. Nilimuomba bwana yangu akurudishe. Akakataa. Nilimujua yule. Ukimuomba kitu anakaza mukono. Ilikuwa lazima akutupe yeye mwenyewe, mbele ya batu."

Kisha akaniuliza kama nimekula, akarudi kwenye ndizi zake.

Miaka yote hiyo nilijivunia kisasi changu, nikidhani ni mimi peke yangu niliyekitengeneza. Kumbe nilikuwa kibarua tu wa mwanamke mwenye hasira kubwa kuliko yangu, ambaye hakuna mtu nyumbani mle aliyewahi kumwuliza anafikiri nini.